Kibuyu Kisichoonjwa

Kidole gumba ndicho kilichomshika Sajini Gaudence Nyandwi. Alikuwa ameitazama ile video mpaka akaijua kama njia ya kisimani kwao Ngara, na kila mara macho yake yalikwenda kule walikokwenda watu wote: kwenye uso wa mwanamke, kwenye kibuyu, kwenye mdomo wa marehemu. Asubuhi hiyo, kwa uchovu tu, aliangalia mkono. Akarudisha nyuma. Akasimamisha.

Video yenyewe ilikuwa fupi, unakohoa imekwisha. Mama mmoja mwenye kilemba cha bluu anampa mgeni kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye mrija mmoja. Mgeni anapokea, anavuta, anacheka, anasema neno. Neno lake halisikiki, kwa sababu juu yake kuna sauti ya mwanamume mwingine: "Mwangalieni huyu mama wa Nyantakara. Hajaonja. Amempa mgeni bila kuonja, na mgeni kafa. Sambaza, okoa maisha."

Basi. Huku mwenye nyumba huvuta kwanza ndipo ampe mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Hata mtoto anajua. Asiyeonja ana jambo lake.

Mgeni aliitwa Wiston, mkulima wa Nyantakara, na kweli alikuwa amekufa siku chache baadaye. Mama aliitwa Marsiana, mjane, Mhangaza wa Ngara aliyeolewa Nyantakara na kuzeekea huko. Jiko lake lilikuwa limekwisha kuchomwa. Waliolichoma walisema akirudi watachoma nyumba, naye akiwemo. Sasa alikuwa akilala kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi, si mahabusu, si mgeni, na askari wakipita wanainua miguu wasimkanyage.

Gaudence alitoka na simu yenye ile video, kidhibiti cha jalada, mkononi. Marsiana alikuwa amekaa pale pale, simu yake ndogo ya batani sikioni. Akaishusha.

"Haipatikani," alisema, kama aliyeulizwa.

"Unampigia nani?"

"Mtu wangu."

Gaudence alivuta kiti. "Mama, siku ile ulionja?"

"Sikuonja."

"Unajua unachokisema?"

"Nimekwisha kulijibu hilo, baba. Mimi nimeokoka. Pombe haigusi mdomo wangu."

"Mtu aliyeokoka anapika rubisi?"

"Walikuja kunilimia, Wiston na wenzake. Mtu amekulimia shamba kutwa nzima, utampa nini, maji ya mvua? Nilipika kwa ajili yao. Sikunywa."

Gaudence alichukua kikombe cha chai kilichokuwa dirishani, akatumbukiza kalamu ndani, akamkabidhi. "Nipe kama unavyompa mgeni. Usifikiri. Nipe tu."

Marsiana alikitazama kikombe kwa dharau. Kisha mikono yake ikafanya kazi iliyoizoea. Kikombe kilipanda kuelekea mdomoni, kikakwama njiani alipojishtukia, kikashuka. Lakini kidole gumba kilikuwa kimeshatangulia. Kilipita juu ya ncha ya kalamu, kikaipangusa, ndipo mkono ukanyooka kumpa.

"Mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo," alisema Gaudence. "Anavuta, anapangusa mrija kwa kidole gumba, anakupa. Huku Nyantakara kila mnywaji anakuja na mrija wake, ndiyo maana hawakuliona hili. Mtu hapangusi mrija ambao haujaingia mdomoni. Na hii video inaanza kidole chako kikiwa kinatoka kwenye mrija. Mwanzo wake umekatwa. Ulionja, mama."

Marsiana alikirudisha kikombe dirishani.

"Andika sikuonja."

"Ukisema hukuonja unawapa kiberiti mkononi."

"Andika."

"Na nani alikuwa ndani ya nyumba?"

"Ndani? Hakuna."

Gaudence alimwonyesha. Pembeni mwa picha ulionekana mwimo wa mlango, na chini kabisa kipande cha sakafu kilichotandikwa nyasi. Mwanga wote ulikuwa nje, nyuma ya Wiston. "Aliyepiga alikuwa ndani anatazama uani. Mwanamume mgeni hakai ndani kwa mjane wakati wenzake wako nje. Huyu ni mtu wa nyumbani."

"Labda simu ilijipiga yenyewe," alisema Marsiana. "Siku hizi zinaweza kila kitu."

* * *

Mkuu wa kituo alikuwa Inspekta Theodosia, mdogo kwa Gaudence kwa umri, mkubwa kwa cheo. Alikuwa amesimama, na alipenda hata wanaozungumza naye wasimame.

"Kesho anatoka," alisema. "Siwezi kumweka raia kwenye benchi bila kosa. Hospitali wamesema kidonda cha tumbo kilipasuka. Marehemu alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Kesi ya mauaji haipo."

"Kijijini wanajua hivyo, afande?"

"Niliwaambia mwenyewe. Wakasema daktari kahongwa."

"Akirudi kesho watamchoma."

"Ndiyo maana nataka aliyeitengeneza hiyo video, leo. Nikiwa na mtu mkononi nitawaambia huyu hapa ndiye mwongo. Bila mtu nitakuwa naongea na miti." Alinyoosha kola yake. "Lakini kuna nafuu. Tangu amri itoke juu, magrupu yote yamefungwa, na atakayekutwa na video hiyo ni mahakamani. Hakuna anayeisambaza tena."

"Haisambai kwenye simu. Iko vichwani."

"Wewe ungefanyaje, Sajini? Ungewaacha waendelee kutumiana mpaka auawe? Mimi nilikuwepo jiko likiungua. Kulikuwa na watu wanapiga picha za moto badala ya kuuzima. Kama ningekuwa na swichi ya nchi nzima, siku ile ningeizima."

Gaudence alichukua kofia yake. Kuhusu jiko, inspekta alikuwa na haki.

* * *

Alichukua pikipiki ya kituo, akaenda Nyantakara. Watu walikuwa mashambani wanapalilia. Sare ilipopita, migongo iliinama zaidi.

Faustini alikuwa na kibanda cha kuchaji simu hapo senta, nyaya zimening'inia kama mizizi. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa grupu la Sauti ya Nyantakara, na jina lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye jalada.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye admini wa Sauti ya Nyantakara?"

"Nilikuwa. Sasa hivi ni admini wa hawa kuku." Aliwafukuza kwa mguu. "Na wenyewe hawanisikilizi."

"Sema: Sambaza, okoa maisha."

"Afande?"

"Sema kwa sauti yako."

Faustini alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inapitia puani. Gaudence alimtaka arudie, akamwambia akaze, akamwambia anong'one. Halafu akaisikiliza ile ya kwenye simu, ameibana sikioni. Ile ilikuwa nzito, ya mtu aliyeshiba, na aliitamka Nyantakara kama mtu anayeisoma kwenye kibao. Jina la kwanza kwenye jalada likafa hapo.

"Hata mimi nilitamani kumjua," Faustini alisema. "Ilinifikia kutoka grupu la madereva. Wao waliipata kwingine. Afande, ile sauti haina kwao. Ukiifuata utafika mpakani, utavuka, utaendelea."

"Lakini ulisikia kwamba kulikuwa na nyingine kabla yake."

"Nani kakwambia?"

"Wewe, sasa hivi, kwa hayo macho."

Faustini alicheka kidogo, akaacha. "Ilikuwepo. Haikuwa na maneno ya mtu. Ilikuwa na wimbo wa kwaya juu yake. Ilitoka grupu la kanisa, la wale waliookoka. Watu waliipenda, wakaandika Mungu akubariki mama. Wiston alipokufa, mtu akaichukua hiyo hiyo, akatoa kwaya, akaweka yake."

"Nionyeshe hiyo ya kwaya."

"Nimefuta. Si mlisema atakayekutwa nayo? Kijiji kizima kilifuta asubuhi moja, afande. Kanisani walifuta, sokoni walifuta. Mzee Mashimba alikuja hapa nimfutie, na simu yake haina hata kioo."

"Kwa hiyo umefuta ushahidi."

"Nimefuta mlichosema nifute." Faustini alichomoa waya mmoja, akauchomeka tena bila sababu. "Lile grupu, afande, lilikuwa linatangaza misiba. Ng'ombe akipotea tunatangaza. Mbegu feki zikiingia tunatangaza. Uongo nao ulikuwemo, sikatai, lakini uongo ulikuwa unauona, unaweza kuujibu pale pale. Sasa wananong'ona. Mnong'ono unaujibia wapi?"

"Wewe uliujibu?"

Faustini aliugeukia waya mwingine.

"Ulipoona Marsiana anaitwa muuaji, na kibanda chako kinatazamana na njia ya kwake, ulijibu nini?"

"Watu walikuwa wengi, afande," Faustini alisema, chini kwa chini. "Ukijibu peke yako wanakugeukia."

Gaudence alitazama ile njia. Nyasi zilikuwa zimeanza kuifunika. Aliyehitajika alikuwa mtu wa mle ndani, mwenye simu ya maana, mwenye nafasi katika grupu la kanisa, na ambaye Marsiana angeona heri adanganye kuliko kumtaja.

"Marsiana hulala na nani pale kwake?"

"Peke yake. Wanawe wako mbali, mmoja Geita, mwingine sijui. Ila mpwa wake humtembelea, binti wa kaka yake wa Ngara. Irine. Yuko Nyakanazi, anapika kwa mama ntilie pale magari makubwa yanapolala."

* * *

Nyakanazi ni njia panda, na mji wa njia panda hauna mwenyewe. Malori yalikuwa yamejipanga, madereva wamekaa chini ya vivuli vya matairi, kila mmoja anaongea na simu kwa lugha yake, anamwambia mtu wa mbali kwamba yuko karibu. Gaudence alikaa kwenye benchi la kibanda cha chakula. Hakuna aliyeinua kichwa. Mgeni hapa ni kila mtu.

"Karibu. Kuna ndizi na maharage, ugali na dagaa."

"Ndizi."

Binti alikuwa na aproni yenye masizi na nywele zilizofungwa kitambaa. Alipakua haraka, kwa ustadi.

"Shangazi yako anakupigia," Gaudence alisema. "Anapiga kila siku. Anaambiwa haipatikani."

Upawa ulisimama hewani, kisha ukaendelea. Sahani ilifika mbele yake imejaa kupita kiasi.

"Shikamoo, afande," alisema Irine.

"Marahaba. Kaa."

"Nina wateja."

"Wateja wanaongea na simu. Kaa."

Irine alikaa ukingoni mwa benchi, mgongo umemwelekea mwenye kibanda asisikie. Gaudence aliweka simu mezani, picha imesimama pale kwenye kidole gumba.

"Huu mwimo wa mlango unaujua. Hizi nyasi zimetandikwa kwa desturi ya kwetu Ngara, nawe umezikalia. Ulikuwa ndani. Ulipiga tangu mwanzo, halafu ukakata. Nataka ya mwanzo."

"Haipo."

"Umefuta?"

"Iko chooni."

"Nini?"

"Simu. Niliitupa chooni pale gesti ninapolala. Siku walipotangaza." Alisugua mikono kwenye aproni. "Walisema miaka kadhaa jela. Nikaona hata nikifuta, polisi wana mashine ya kufufua. Nikaitupa."

Gaudence alizitazama zile ndizi. Mashine ya kufufua ilikuwepo, kweli, mjini huko, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Ila hakukuwa na mashine ya kuteremka kwenye shimo la choo cha Nyakanazi. Amri ilikuwa imetafuta uongo ikafuta ukweli. Uongo ulikuwa hauhitaji simu tena. Ukweli ndio uliokuwa ukiihitaji.

"Ulikata nini?"

"Pale anapovuta." Machozi yalianza kumlengalenga lakini sauti ilibaki kavu. "Alivuta, akapiga ulimi, akasema: Imeiva! Alifurahi, afande. Mimi sijamwona akifurahi vile tangu mumewe azikwe. Nikasema hii niwatumie akinamama wa kanisa, waone jinsi watu walivyokuja kumlimia. Kisha nikakumbuka. Pale kanisani mtu akionja pombe anatengwa. Mwaka jana walimtenga mama mmoja kwa togwa tu, wakasema ilikuwa imechacha. Kibuyu hakionyeshi kilichomo. Asipoonekana anavuta, asiposikika akisema imeiva, nani atajua si juisi ya ndizi? Nikakata. Nikaweka wimbo."

"Kwa hiyo mbele ya kanisa ukamtakasa, mbele ya kijiji ukamfanya muuaji."

"Sikujua Wiston atakufa!" Dereva mmoja aligeuka, akarudi kwenye simu yake. Irine alishusha sauti. "Shangazi hana mtu. Wanawe hawapokei simu. Ana wale akinamama tu, wanaimba naye Jumapili. Nilikuwa namlindia hao."

"Sauti ya mwanamume ni ya nani?"

"Sijui. Aliyeichukua aliichukua. Siku moja naifungua naona shangazi yangu anaongelewa na mtu simjui." Alijifuta pua kwa kiganja. "Serikali ingefunga mapema, afande. Ingefunga kabla sijaituma."

"Ingejuaje kama utaituma?"

Irine alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Kesho anatoka kituoni," alisema Gaudence. "Hana pa kwenda ila kwake. Waliokunywa siku ile walilewa, hawaaminiki; aliyemwona akivuta na akili zake ni wewe peke yako. Ukisema mbele ya watu—"

"Wataniua mimi."

"Ukinyamaza watamuua yeye."

Irine aliyatazama malori. "Hapa hakuna anayenijua," alisema. "Nilipapenda kwa sababu hiyo."

Halafu alisimama, akaifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi.

* * *

Marsiana alimwona akiingia mlangoni mwa kituo. Hakunyanyuka.

"Umekonda," alisema.

Irine alipiga magoti. "Shikamoo, shangazi. Nilikukata."

"Marahaba. Nilijua. Mimi mdomo wangu naujua ulipopita." Alimgusa kichwani kwa kidole kimoja, kama anayeangalia kama sufuria ina moto. "Ndiyo maana nikasema ndani hakukuwa na mtu. Na wewe, Sajini, ulikuwa huwezi kumwacha huko alipo?"

Inspekta Theodosia alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ofisi. "Mama, kwa nini ulidanganya? Ulionja, ukasema hukuonja. Ni jambo la kukuokoa wewe mwenyewe."

"Nilikana kibuyu kwa ajili ya kanisa, mwanangu. Wale akinamama ndio ndugu zangu. Ningesema nimeonja ningebaki na nani?"

Gaudence alisogeza jalada upande. "Wamekuja kukuona hapa?"

Marsiana aliangalia mlango.

"Hawajaja," alisema.

"Hata mmoja?"

"Wana mashamba. Ni wakati wa palizi."

Nje, askari wa zamu alikuwa akiosha pikipiki, na sauti ya maji ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Marsiana aliichukua simu yake ya batani, akaizima, akaitia kwenye kifundo cha kanga.

"Msiba wa Wiston wameanua tanga?"

"Kesho," alisema Gaudence.

"Basi msinipeleke kwangu. Nipelekeni huko."

"Haiwezekani," alisema Theodosia. "Huko ndiko watakuwepo wote."

"Ndiyo. Nikienda kwangu watakuja wenye kiberiti peke yao. Kule watakuwepo na wengine."

Theodosia alimtazama Gaudence. Gaudence aliangalia dari. Mwishowe inspekta akasema askari wawili watakwenda, bila kuingia uani, na Sajini ndiye atakayejibu litakalotokea.

* * *

Uani kwa marehemu kulikuwa na watu wengi na sauti chache. Marsiana alipopita kwenye mwanya wa ua, zile chache nazo zikakatika. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya magogo walisimama. Mmoja, Gidioni, ambaye jina lake Gaudence alikuwa ameshalisikia katika habari za jiko, alikuja hadi katikati ya njia.

"Mmemleta muuaji kula cha msiba?"

"Sogea," alisema Gaudence.

"Afande, wewe linda kituo chako."

"Mimi silindi kituo. Nimekuja na shahidi."

Irine alikuwa nyuma, ameishika kanga ya shangazi yake kama mtoto. Alipoanza kuongea hakusikika. Akaambiwa aseme kwa nguvu. Akasema. Alisema yeye ndiye aliyepiga video, alisema alikata nini na kwa nini, alisema simu iko wapi. Mtu mmoja alicheka kwa habari ya choo, akanyamazishwa.

"Maneno matupu," alisema Gidioni. "Sisi tuliona kwa macho. Wewe onyesha hicho ulichokata."

"Sina."

"Hana! Mpwa wake atasema nini kingine?"

Hapo ndipo Marsiana alipoishusha kanga begani. Hakuwatazama vijana. Aliwatazama akinamama watano wa kanisani waliokaa pamoja chini ya paa, vitambaa vyeupe vichwani.

"Nilionja," alisema. "Mimi Marsiana niliyeokoka. Nilivuta pombe nikaimeza, nikasema imeiva, na nilisikia raha. Kituoni nilikana kwa kuwaogopa ninyi. Sasa nimesema. Nitengeni."

Uongo wa kujiokoa huwa mtamu. Ukweli huu ulikuwa mchungu, na kila aliyeusikia alijua ni wa bei gani. Mzee mmoja alikohoa. Wale akinamama walitazamana. Mkubwa wao, Priscila, alikung'uta nguo, akainuka, na wenzake wakainuka naye. Walipita mbele ya Marsiana mmoja mmoja, wakatoka. Hakuna aliyegeuka. Gaudence aliwaona vijana wakiwafuata kwa macho, kisha wakimrudia Marsiana, na uso wa Gidioni haukuwa tena na uhakika. Mtu hatupi ndugu zake wa mwisho kwa ajili ya uongo.

"Nani huyo anaongea?"

Sauti ilitoka mlangoni mwa nyumba. Kwenye mkeka palikuwa na bibi kikongwe, amenyolewa kichwa kwa msiba. Ni Auleria, mama mzazi wa Wiston. Katika jalada zima la Gaudence, mama huyu hakuwa ameulizwa swali hata moja.

"Ni Marsiana, mama," mtu alijibu. "Yule wa kwenye video."

"Mimi hiyo video sijaiona. Sina simu." Alijisogeza apate kuona. "Siku za mwanzo kila aliyekuja hapa alikuja na simu. Walikuwa wakitazama pamoja pale nje, nikitokea wanaficha. Naambiwa tu: Wiston yumo. Wiston yumo. Mwanangu yumo humo, na mimi ndiye pekee sijamwona. Halafu nasikia jiko la mtu limechomwa kwa jina langu. Nani aliwatuma? Gidioni, mimi nilikutuma?"

"Hapana, bibi."

"Ondoka njiani."

Gidioni aliondoka njiani. Alikwenda hadi kwenye magogo, hakukaa, akaendelea kwenda.

Auleria alipapasa mkeka. "Njoo hapa, wewe mama. Na huyo mwenye sare, unayo hiyo video?"

Gaudence aliutazama mwanya wa ua, walikosimama askari wawili. Kidhibiti hakionyeshwi hadharani, na atakayekutwa na video hiyo, amri ilijulikana. Alivua kofia, akachuchumaa mbele ya mkeka, akaiwasha simu. Kabla ya kubonyeza aliizima sauti yote. Yule mwanamume asiye na kwao hakuingia ndani ya nyumba ile.

Wiston alipokea kibuyu. Akavuta. Akacheka, meno yote nje, jua la jioni mgongoni kwake. Akasema neno. Ikaisha.

Mkono wa Auleria ulikuwa umefika kwenye kioo, na Gaudence akakibonyeza pamoja naye, video ikaanza upya. Irine alikuwa amejiziba uso. Watu wa uani walikuwa wamegeuka, kila mmoja ametafuta cha kutazama.

"Anasema nini hapa?" aliuliza Auleria. "Midomo inacheza. Anasema nini?"

Gaudence hakujua. Kwenye video hakuna aliyewahi kulisikia neno lile.

Marsiana alikaa kwenye mkeka. Alikaa vizuri, akakunja miguu, akasogea mpaka mabega yakagusana.

"Anasema: Mama, usiwape wale yote, nifichie kidogo nimpelekee mama yangu."

Auleria alirudisha macho kwenye kioo.

"Ulimfichia?"

"Nilimfichia. Aliinywea njiani."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Auleria, akamshika mkono. "Mwambie huyu airudishe mwanzo."